Matanuri ya Kuni ya Bukavu na Oda Zinazokosewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo waokaji wa mikate wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huulizana wanapokutana kununua unga katika soko la Kadutu, pamoja na yale ambayo wateja huwauliza, mara nyingi kwa hasira, oda inapokosewa. Anayejibu ameokea mikate katika tanuri la matofali linalowashwa kwa kuni, kwa hiyo majibu yanaegemea upande wa tanuri dogo. Mwenye kiwanda chenye mashine na jenereta kubwa atakuta baadhi ya mambo hayamhusu.

Tanuri la kienyeji ni lipi hasa, na kwa nini lina uhusiano na makosa ya oda?

Ni chumba kidogo cha matofali chenye dari la mviringo na mlango mmoja. Kuni huwashwa humo humo ndani mpaka matofali yashibe moto, kisha makaa na majivu hufagiwa nje, sakafu hupanguswa kwa kitambaa kibichi, na mikate huingizwa kwa ubao mrefu wenye mpini. Hakuna saa wala kipimo cha joto. Mwokaji hurusha konzi ndogo ya unga sakafuni: ukigeuka mweusi papo hapo, tanuri bado ni kali mno, ukipata rangi ya kahawia taratibu, wakati umefika.

Tangu dakika hiyo joto linashuka na halipandi tena mpaka tanuri liwashwe upya. Ndiyo sababu mikate mirefu inayohitaji moto mkali hutangulia, ikifuatwa na mikate ya kuokwa ndani ya kopo, kisha keki, na mwishoni bisikuti ambazo hukauka kwa joto lililobaki. Mteja akija saa tatu ya asubuhi kudai bageti 40 ambazo hazikuokwa, hawezi kuambiwa angoje kidogo. Kuliwasha tanuri upya ni kazi ya saa mbili hivi na mzigo mzima wa kuni, na watu wengi wanaotusuta kwamba hatutaki kurekebisha makosa yetu hawajui jambo hili.

Ni shida gani inayowabana waokaji kuliko nyingine zote?

Ni unga. Kongo hulima ngano kidogo sana. Nyanda za juu za Lubero, huko Kivu Kaskazini, zinajulikana kwa zao hilo, lakini kiasi chake hakiwezi kuulisha hata mji mmoja mkubwa. Ngano na unga vinavyofika kwetu hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, husafirishwa kwa malori kwa zaidi ya kilomita elfu moja, huvuka mipaka miwili au zaidi, na kila kizuizi cha njiani huongeza bei yake. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ilipanda duniani kote, kwa kuwa Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayovuka mipaka. Mwokaji wa Nyamugo ambaye hajawahi kuiona Bahari Nyeusi alilipa deni la vita hivyo gunia kwa gunia.

Lililo baya zaidi ni kwamba gunia linauzwa kwa dola huku mkate ukiuzwa kwa franka. Dola ikipanda asubuhi, mkate wa jioni haupandi pamoja nayo, kwa sababu bei ya mkate imefungwa na noti ambazo mtoto ametumwa nazo. Hatuwezi kuongeza kidogo kidogo kama anayeuza mafuta. Tunalazimika kuchagua: ama kungoja na kupata hasara, ama kuruka bei kwa kishindo, ama kupunguza uzito wa donge.

Kupunguza uzito wa mkate bila kumwambia mteja ni kosa?

Kwa mtu anayepita dukani na kununua mkate mmoja anaouona kwa macho, ni jambo la biashara, ingawa si la kujivunia. Kwa mteja aliyeweka oda, ni kosa, tena kubwa. Mwenye mkahawa wa Nyawera anayekata mkate mmoja vipande vinne kwa wateja wake wanne ameshapanga bei zake kwa uzito anaoujua. Ukibadilisha uzito bila kumwarifu, umevunja ahadi hata kama idadi ni ile ile. Mwambie siku chache kabla, umwachie achague kati ya mkate mdogo kwa bei ya zamani na mkate wa kawaida kwa bei mpya. Wengi huchagua wa kawaida.

Kuni na umeme vina hali gani?

Kuni zetu nyingi ni za mikaratusi kutoka Kabare na Walungu. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, zinafika kavu na tanuri linawaka vizuri. Mvua zikishaanza mwezi wa Septemba, tunanunua maji kwa bei ya kuni: mzigo ni mzito, moshi ni mwingi, na tanuri linachelewa. Mwenye nafasi anunue mwezi wa Agosti na kupanga kuni chini ya paa. Makala, yaani makaa ya kuuza, yanayotoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo ni mali ya urithi wa dunia tangu 1980, tusiyaguse, hata yanapokuwa rahisi. Aidha, mwenye tanuri katika mitaa ya Kadutu iliyobanana, ambako nyumba za mbao zimeungua mara nyingi, asimwage makaa nje usiku kabla ya kuyazima kwa maji.

Umeme tunauhitaji kwa taa na, kwa waliojaliwa, kwa mashine ya kukandia. Mji hutegemea mabwawa ya mto Ruzizi, la kwanza lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989 ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi, lakini wateja wameongezeka kuliko nguvu zenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kukanda, malizia kwa mikono bila kungoja. Unga uliokwisha kutiwa hamira haumsubiri mtu.

Kwa nini vipimo vya kitabu cha Ulaya havifanyi kazi hapa?

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi inayotolewa na hamira, au levire kama wengi mjini wanavyoiita, hutanua donge haraka zaidi kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Anayefuata kitabu neno kwa neno huona mkate umevimba vizuri kisha ukasinyaa ndani ya tanuri. Punguza hamira kidogo, au fupisha muda wa kuumua, na ongeza maji kiasi kwa sababu hewa ya kiangazi hukausha. Kwa gunia la kilo 50 mimi hutia lita 29 za maji, karibu kilo 1 ya chumvi na gramu 400 za hamira kavu, nikipunguza hamira hiyo siku za joto.

Je, unga wa muhogo unaweza kuchanganywa na ngano?

Unaweza, ikiwa ni unga wa muhogo ulio safi, mkavu, usio na harufu ya kuchacha, na kama hauvuki sehemu 10 hadi 15 katika 100. Ukizidisha, mkate unakuwa mzito na hupasuka, kwa kuwa muhogo hauna ule utomvu wa ngano unaoshika gesi. Unga uleule wa ugali unaouzwa sokoni haufai, maana mihogo yake mara nyingi imelowekwa. Mteja wa oda aambiwe waziwazi kwamba mkate una muhogo. Akijigundulia mwenyewe, atadhani ameibiwa.

Na ule unga mweupe wa kukuza mkate ambao wengine wanautumia?

Kama ni bromati ya potasiamu, uachwe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi 2B, la vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa binadamu, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza tangu mwaka 1990. Muuzaji akikwambia «kiboreshaji» bila jina juu ya mfuko, usinunue.

Makosa ya oda yanaanzia wapi hasa?

Waokaji wengi wakiulizwa hutaja kijana aliyehesabu vibaya au mikate iliyoungua. Nimelichunguza daftari langu, na ninachokiona ni kingine: oda nyingi zilizokosewa ziliharibika kabla hata unga haujaguswa, wakati maneno yalipotoka kinywani mwa mteja na kuingia sikioni mwetu. Katika mji wetu maneno hayo yanapitia Kiswahili, Mashi (lugha ya Washi wa hapa) na Kifaransa kwa pumzi moja.

Chukua siku za juma. Kwetu siku ya kwanza ni ile inayofuata Siku ya Mungu, yaani Jumapili, kwa hiyo siku ya tatu ni katikati ya juma na siku ya tano ni mkesha wa siku ya posho, yaani Jumamosi. Mfanyabiashara aliyekulia Tanzania husema Jumatatu na Jumatano. Yeye akiomba mikate ya Jumatano, anataka siku tunayoiita ya tatu. Kijana wetu akiandika «ya tano», mikate itaokwa siku mbili baadaye. Wote wawili wamesema Kiswahili sanifu cha kwao, na wote wawili wana haki ya kukasirika.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Mtu akisema saa kumi, mmoja huelewa alasiri jua linapoanza kulegea, na mwingine aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa huelewa asubuhi, ile ambayo mzee wa zamani angeiita saa nne. Tofauti hiyo inatosha kuharibu kilio au harusi. Hesabu zinazotajwa kwa Kifaransa katika simu yenye kelele ni mtego mwingine, kwa kuwa sis na dis, yaani sita na kumi, hutofautiana kwa herufi moja tu, na trwa na trez, yaani tatu na kumi na tatu, hukaribiana vilevile.

Kisha kuna kipimo. «Mikate kumi» inaweza kuwa mikate kumi au mifuko kumi yenye mikate mitano kila mmoja. Mwenye duka hufikiri kwa mifuko, mama wa nyumbani hufikiri kwa mkate. Kuna pia mtoto aliyetumwa, ambaye amebeba oda kichwani kutoka Cimpunda hadi tanurini akiirudia njia nzima, na aliposimama kutazama mpira akapoteza nusu yake. Ujumbe wa sauti katika WhatsApp umepunguza kosa la mtoto na kuongeza la kwake: mteja hutuma sauti tatu, ya tatu ikirekebisha ya kwanza, na sisi tumesikiliza mbili.

Nifanyeje ili nisikosee wakati wa kupokea oda?

Rudia oda kwa sauti, kwa maneno tofauti na yale aliyotumia mteja. Kurudia maneno yake mwenyewe hakusaidii, kwa sababu atasikia alichokisema na kuitikia ndiyo. Akisema «siku ya tatu», wewe taja tarehe. Akisema «saa kumi», wewe uliza: «Mama, ni kabla ya chakula cha mchana ao nyuma yake?» Akisema mifuko, taja idadi ya mikate yote. Swali la mwisho liwe daima lile lile: mikate hii ni ya shughuli gani? Jibu lake hukuonyesha makosa ambayo hesabu haikuyaonyesha. Mikate 30 kwa harusi ya watu mia tatu haiwezi kuwa sahihi.

Andika vyote katika daftari moja tu, linalokaa mahali pamoja, na si katika vipande vya karatasi vya mifuko ya saruji: jina analoitwa mteja na namba yake ya simu, aina ya mkate, idadi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, kama asubuhi au alasiri, pesa iliyotangulizwa na kama ni dola au franka. Yule aliyepokea oda aandike pia jina lake mwenyewe. Mteja asiyejua kusoma asomewe. Anayejua aandike alama yake. Oda ya sauti ijibiwe kwa maandishi, kisha ungoje mpaka ajibu. Kimya chake kisichukuliwe kuwa ndiyo.

Kwa oda inayozidi robo ya gunia mimi hudai angalau nusu ya malipo mbele. Si kwa kutomwamini mtu. Aliyetoa pesa hukumbuka vizuri zaidi alichokiagiza.

Mteja amefika na oda imekosewa. Jambo la kwanza ni lipi?

Muulize mikate italiwa saa ngapi. Usianze na nani alikosea; swali hilo lina wakati wake, na kulianza mapema kunakula dakika ambazo zingetumika kutafuta mikate. Kama italiwa jioni, tanuri linaweza kuwashwa. Kama italiwa baada ya nusu saa, lazima mikate itoke kwingine.

Mimi mwenyewe nilipata kosa la saa kumi. Mama mmoja wa upande wa Panzi aliagiza mikate 150 ya kilio, nami nikapanga kuioka baada ya oda za asubuhi. Alifika saa nne na shemeji zake wawili na kikapu kitupu, wageni wakiwa tayari wamekaa na chai imechemka. Nilikuwa na mikate 60 ya mteja mwingine aliyekuwa aje alasiri. Nilimpigia huyo kumwomba ruhusa, akakubali. Kisha nikapanda hadi tanuri la jirani huko Nkafu nikanunua 90 kwa bei ya rejareja, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kunipunguzia. Kule kwenye kilio mikate ilifika ikiwa ya ukubwa wa aina mbili. Siku ile sikupata hata franka moja, na alasiri nililiwasha tanuri kwa mara ya pili ili nimlipe yule aliyenikopesha.

Mambo mawili nayasisitiza kutokana na siku ile. Usitoe mikate ya mteja mwingine bila kumpigia, hata kama una hakika utairudisha, kwa sababu unaponya kosa moja kwa kuzaa lingine. Na uwe na makubaliano ya mapema na tanuri mbili au tatu za jirani kuhusu bei ya kuokoana. Sisi tuliandikiana baadaye: atakayekwama atauziwa kwa bei ya jumla, si ya rejareja.

Kuomba radhi ni lazima, lakini kuwe kufupi. Mtu mwenye msiba hana nafasi ya kusikiliza habari za umeme uliokatika.

Hasara ailipe nani?

Kama daftari linaonyesha kwamba tulikosea sisi, tunalipa sisi, bila kumbembeleza mteja akubali nusu. Kama daftari linaonyesha kwamba mteja alikosea, anachukua mikate aliyoagiza, na sisi tunamsaidia kuipunguza kwa kuiweka dukani pamoja na yetu. Kinachouzwa kinarudi kwake. Ugumu uko pale ambapo daftari halionyeshi kitu. Hapo ninagawa nusu kwa nusu, na ninakiri kwamba kasoro ya daftari ni yangu.

Inafaa kuijua hasara kwa hesabu badala ya kwa uchungu. Gunia la kilo 50 pamoja na maji hutoa karibu kilo 80 za donge, na donge la gramu 250 kwa mkate mmoja linatoa mikate 320. Tuseme, ukiisha kulipa unga, kuni, hamira, vijana na kodi, unabakiwa na thamani ya mikate 40. Maana yake kila mkate umekugharimu sehemu saba kati ya nane za bei yake. Ukioka mikate 60 isiyotakiwa na mtu, umepoteza thamani ya mikate 52 hivi, nayo faida ya gunia zima haitoshi kuifidia. Ninapowaonyesha vijana hesabu hii ubaoni, hawaoni tena kurudia oda kwa sauti kuwa usumbufu.

Je, nirudishe pesa au nitoe mikate mingine?

Mwache mteja achague, isipokuwa pale wakati umeshapita na mikate haina kazi tena, ambapo pesa ndiyo heshima. Rudisha kwa sarafu ile ile aliyolipa. Ukipokea dola ukarudisha franka kwa kiwango cha siku hiyo, mtagombana mara ya pili. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa sokoni, kwa hiyo usimrudishie mtu noti ambayo wewe mwenyewe usingeipokea. Tangu mabenki ya mji yalipofungwa mapema mwaka 2025, wengi wetu tumezoea kurudisha kwa simu. Gharama ya kutuma iwe juu ya aliyekosea.

Jina limekosewa juu ya keki. Kuna dawa?

Kama ni krimu, subiri ipoe na kushika, ikwangue kwa kisu kilichochovywa katika maji ya moto, sawazisha na uandike upya. Kama ni sukari iliyokauka, funika jina kwa pambo na uandike kando. Kinga yake ni rahisi: mteja aandike jina kwa mkono wake au alitume kwa maandishi, maana majina yetu ya Mashi yana herufi ambazo sikio halizitofautishi, na jina la ubatizo linalotamkwa namna moja huandikwa namna tatu.

Mikate ilitoka tanurini mizima lakini ilifika imepondeka. Ni kosa la nani?

Kama motari, yaani mwendesha pikipiki, aliitwa na sisi, ni letu. Kama aliletwa na mteja, ni la mteja. Hilo lisemwe kabla pikipiki haijaondoka. Barabara za vilima vyetu zinajulikana, na mkate ambao haujapoa hupondeka hata kwa mteremko mfupi, tena hutoa mvuke unaolowesha ganda lake. Upoe kwanza kwa muda wa saa moja, kisha upangwe wima ndani ya kikapu au katoni, kamwe usifungwe kwa kamba ya mpira.

Mteja anasema amepewa pungufu, nami nina hakika nilihesabu.

Mikate ihesabiwe mbele yake, kwa mafungu ya kumi kumi, na yeye ndiye aseme jumla. Asiyekuwa na nafasi ya kuhesabu akubali hesabu yetu. Mwanzoni wateja wakubwa walinichukia kwa utaratibu huu, hasa wakuu wa shule. Kwa pungufu ya mkate mmoja au miwili usibishane hata hivyo. Ongeza na uandike. Jina lile lile likirudi mara ya tatu katika daftari, utajua la kufanya.

Wateja wanaovuka Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, wana mahitaji ya pekee?

Wana moja kubwa: mfuko. Rwanda imekataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na mikate iliyofungwa ndani yake itatolewa mfukoni mpakani, mara nyingine mbele ya vumbi la barabara. Kongo nayo ilitoa amri ya kuikataza mwishoni mwa mwaka 2017, ingawa masoko yetu hayaonyeshi hivyo. Funga kwa karatasi safi, na uandike neno «Kamembe» kwenye daftari ili kijana wa kufunga asisahau.

Mikate iliyokosewa ifanywe nini?

Iuzwe siku ile ile kwa bei ya kupunguza, ikisemwa wazi kuwa ni ya oda iliyokosewa. Isiwekwe kwenye friji, kwa sababu baridi ya friji huufanya mkate uchakae upesi kuliko kuachwa mezani. Friza yenye barafu ndiyo inayoutunza. Inayobaki hadi kesho yake ikatwe vipande na kukaushwa katika tanuri la jioni lililopoa, nayo itakaa majuma kadhaa, ikipendwa sana na wanafunzi kwa chai. Mkate wenye ukungu utupwe wote, wala usikatwe ile sehemu mbaya tu. Na mkate ambao ndani yake unanata na kuvuta nyuzi, wenye harufu ya nanasi bovu, una ugonjwa wa bakteria unaopenda majira ya joto: teketeza, safisha meza na vyombo kwa siki, na usichanganye hata kipande chake katika donge jipya.

Sheria inanidai nini mimi mwenye tanuri dogo?

Kongo iliingia katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na chini ya sheria zake mfanyabiashara mdogo anaweza kujitangaza katika hadhi nyepesi kuliko ile ya kampuni, kwa sharti la kutunza siku kwa siku daftari la mapato na matumizi. Daftari la oda si lile, lakini anayelitunza la oda vizuri hana shida na lile la sheria, na mgogoro ukifika kwa mkuu wa mtaa, karatasi yenye tarehe na alama ya mteja husikilizwa kabla ya kiapo cha mtu yeyote.

Kijana aliyekosea oda akatwe mshahara?

Nilikata kwa miaka miwili. Makosa hayakupungua, yalifichwa. Vijana walianza kusukuma mikate iliyopungua chini ya kikapu, kufuta tarakimu daftarini kwa mate, na kumwambia mteja kwamba ni mimi niliyepunguza. Nilipoacha kukata na kudai kitu kimoja tu, kwamba kosa litajwe kabla tanuri halijapoa, nilianza kuyasikia mapema, saa kumi na moja alfajiri badala ya saa nne mbele ya mteja, wakati donge bado lipo mezani na matofali bado yana moto wa kuoka mikate 40 zaidi. Anayerudia kosa lile lile mara kwa mara ninamhamishia kwenye kuni au kukanda, na daftari analishika mwingine. Kuna mmoja asiyejua kabisa kusikiliza simu, naye ndiye mwenye mkono bora wa kukunja bageti kuliko sote. Simu ikilia, anaita mtu.